Makarius Wanne na Viti Vitatu

Hadithi hii hutaiamini, na hakuna atakayekulaumu. Watu wa Murungu waliokuwepo siku yenyewe, waliokaa jua lote lile na vumbi lote lile, wakiisimulia kwa wageni huambiwa waache kunywa rubisi asubuhi. Lakini ni ya kweli kuanzia kichwa hadi kwato. Anayeiandika ni mjomba mtu, kaka yake mama mzazi wa Makarius, na mjomba huyo, ingawa shule aliiacha darasa la sita kwa kuwa mwalimu hakuwa na jipya la kumfundisha, hajawahi kudanganya mbele ya karatasi.

Makarius Ndihokubwayo ni fundi baiskeli Kibondo mjini. Hukaa kwenye kibaraza cha duka la Athuman, hatua chache kutoka sokoni, na mali yake ni pampu ya mguu, beseni la maji la kutafutia tundu, kopo la solusheni ya kubandikia viraka na mikono ambayo sabuni zote za dukani kwa Athuman zimeishindwa. Wabeba ndizi wa Mabamba wanamjua vizuri. Mtu ameshuka milima na mikungu minane juu ya kariya, rimu imepinda mpaka imekuwa kama sikio la mbuzi, mafundi wengine watamwambia anunue mpya. Makarius huizungusha mbele ya jicho moja, hukaza spoku hii, hulegeza ile, hunyamaza kidogo kama anayesikiliza tumbo la mgonjwa, na rimu hurudi duara kama mwezi wa kumi na nne. Akili hiyo ameitoa ujombani.

Shida yake ni jina. Makarius Ndihokubwayo wako wanne, na watatu ni watu mashuhuri.

Mmoja ni golikipa wa timu kubwa ya Dar es Salaam. Mwingine ni mkimbiaji wa mbio ndefu. Alishinda Arusha, akashinda Moshi, na huko Ulaya alishika nafasi ya nne, ambayo sisi Murungu tunaihesabu ya kwanza kwa sababu wale watatu waliomtangulia hatuwajui. Wa tatu ni bondia wa Kasulu, mapambano kumi na moja, na saba kati ya hayo wapinzani walirudi kwao wamelala. Wote wanne wamezaliwa mlima mmoja wa Rusenga, hapa kwetu Murungu, mwaka mmoja, hata mahindi ya mwaka huo hayajakauka shambani.

Mgeni atauliza kama ni ndugu. Si ndugu. Kwetu Uha mtoto harithi jina la baba kama anavyorithi shamba. Kila mtoto hupewa lake, kufuatana na yaliyowakuta wazazi siku zile. Ndihokubwayo ni kusema nipo kwa ajili yake Yeye, yaani Mungu. Ni jina la mtoto aliyetakiwa kufa akakataa. Na Makarius ni mtakatifu wa Januari kwenye kalenda ya kanisa. Kwa hiyo ili watu wasichanganye, wakawapachika vyeo: Makarius Golikipa, Makarius Mbio, Makarius Ngumi. Na huyu wa kwetu, Makarius Pancha.

Vyeo havikusaidia sana.

Golikipa aliwahi kupitishiwa mpira katikati ya miguu, dakika ya themanini na tisa, nchi nzima ikisikiliza redio. Kesho yake asubuhi mzee mmoja akaja kibarazani na baiskeli yenye pancha mbili, akaiegemeza ukutani, akakunja mikono.

"Fundi, mpira wa jana ulipita wapi?"

"Mpira upi, baba?"

"Usinijibu kwa swali. Ulipita wapi?"

"Mzee," Athuman akasema kutoka ndani ya duka, "huyu siye."

"Kwani anaitwa nani?"

"Makarius Ndihokubwayo."

"Sasa siye vipi?" Mzee akachukua baiskeli yake. "Mtu asiyeweza kubana miguu hawezi kubana breki." Akaenda zake akiisukuma, pancha mbili na yote, kilometa sita za mlima. Athuman, ambaye babu yake alikuja kutoka Ujiji na chumvi na maneno mengi, alicheka mpaka akakalia trei ya mayai.

Ngumi naye alipoangushwa Tabora raundi ya pili, akina mama wa jumuiya walimjia Makarius Pancha nyumbani na uji wa ulezi, ndizi za kupika na kuku wa kuchemsha. Wakamkuta amelala kwenye mkeka, maana ilikuwa Jumapili. Wakamwuliza anajisikiaje. Akasema njaa tu. Hakuwadanganya, ila hakuwasaidia pia, na chakula kilikuja siku mbili mfululizo mpaka mmoja wao akaona ajabu kwamba mtu aliyepigwa vile hana hata uvimbe usoni. Mbio alipoleta medali, mwalimu mkuu wa shule moja akamwandikia barua Makarius aje awaongoze wanafunzi katika mbio za kilometa tano. Aliona aibu kukataa. Alianza vizuri, kwa kweli alikuwa mbele mpaka darajani, kisha watoto wakamwona amekaa nyuma ya bodaboda akiwapungia mkono wajitahidi.

Hayo yote aliyachukua kama mvua. Mtu hagombani na mvua. Lililomfika shingoni ni lile la mama yake.

Mama yake Makarius anaitwa Esteri, mjane wa marehemu Nduwayezu, na bado anaishi Rusenga kwenye nyumba ileile aliyoolewa. Ni mwanamke mfupi, mkimya, anayelima. Hajawahi kuomba kitu cha mtu. Mwaka huu kigango cha Rusenga kilitimiza miaka hamsini, na kamati ya sherehe ikaamua kuwaheshimu wana wa kigango waliolifikisha jina la mlima mbali. Ikaamua vilevile kwamba mama zao watakaa mbele kabisa, kwenye viti vitatu vyenye vitambaa vilivyofumwa, karibu na padre. Zikaandikwa barua tatu zinazofanana: kwa Mama Mzazi wa Makarius Ndihokubwayo, unaalikwa kuketi kwenye kiti cha heshima.

Barua akapewa mtu wa bodaboda. Huyo, badala ya kuuliza pale mlimani, akaenda nazo Kibondo kwa sababu alikuwa na abiria wa kwenda huko, akauliza sokoni Makarius Ndihokubwayo ni nani. Wakamwonyesha kibaraza cha Athuman. Akashusha zote tatu.

Makarius alizisoma, akazisoma tena. Jioni akapanda baiskeli mpaka Rusenga, akamsomea mama yake moja moja.

"Tatu?" Esteri akauliza.

"Tatu, mama."

"Basi wamekusudia."

Jumamosi alikwenda gulioni akanunua kitenge cha rangi ya chungwa chenye ndege, akampelekea fundi cherehani, na kwa mara ya kwanza tangu mume wake afariki aliuliza bei ya viatu. Njiani akina mama wakimsalimu, yeye ambaye siku zote hujibu Mwakeye na kupita, sasa alisimama. Alisimama mpaka wamwulize kuna nini.

Wiki moja baadaye akaja katekista. Mzee Pasikali amekuwa katekista wa Rusenga tangu kanisa likiwa la nyasi. Ni mtu mwema, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alikaa kwenye kigoda, akasalimia mpaka akamaliza salamu zote: nyumba, ng'ombe wa jirani, maharage, mvua, akarudia tena mvua. Hapo Esteri akajua kuna jambo.

"Sema, katekista."

"Zile barua, mama."

"Ninazo."

"Zilipotea njia."

Makarius alikuwa mlangoni, akipaka cheni ya baiskeli yake mafuta. Akaacha.

"Ni za mama Golikipa, mama Mbio na mama Ngumi," Pasikali akasema huku akitazama ardhi. "Kamati inaomba radhi. Wewe mama utakaribishwa kama waumini wote. Chakula ni cha wote."

Esteri akaingia ndani. Akatoka na barua zile, alizokuwa amezifunga kwenye pindo la kanga, akampa mzee moja, akampa ya pili, akampa ya tatu. Kisha akamkaribisha uji. Mzee Pasikali aliunywa kama mtu anayekunywa mwarobaini.

Tangu siku ile Esteri hakutamka neno sherehe. Kitenge cha ndege kikaingia sandukuni. Yeye akalima. Alilima shamba lake la maharage likaisha, akavuka mpaka akaingia la jirani, na jirani, mtu mwenye busara zake, akamwacha alime. Makarius alipokuja akamkuta katikati ya shamba la watu anapiga jembe kama anayedai kitu kutoka chini.

"Mama, hili si letu."

"Najua."

Makarius akarudi Kibondo, na siku mbili hakuna rimu iliyonyooka. Athuman akamwangalia, akaacha utani, na akiacha utani Athuman ujue kuna msiba.

"Wapigie hao wa jina lako," akasema. "Nyinyi si wamoja?"

Namba ya Golikipa ilipatikana kwa mjomba wake, yaani mjomba wa Golikipa, siyo mjomba huyu anayeandika, ambaye namba zake ni za watu wa maana tu. Makarius akapiga.

"Makarius Ndihokubwayo hapa."

"Makarius Ndihokubwayo hapa," simu ikajibu.

Makarius akaeleza habari ya mama na viti. Golikipa alisikiliza, kisha akasema mambo ya ratiba yake yanashughulikiwa na meneja, na meneja wake ni mama yake mzazi, na mama huyo hawezi kukubali kuongezwa kiti cha nne kwa sababu kitaharibu picha. Mbio hakupokea. Alikuwa Kenya juu ya milima, anapumua hewa nyembamba.

Akabaki Ngumi. Makarius akafunga kibaraza, jambo ambalo hajawahi kulifanya siku ya gulio, akapanda basi la asubuhi kwenda Kasulu.

Ngumi anafundisha vijana nyuma ya ghala moja karibu na soko la Kasulu. Makarius alimkuta ameshika gunia la mchanga linaloning'inia, huku binti mmoja mwembamba akilipiga. Ni mtu mkubwa. Ukisimama upande wake wa magharibi asubuhi unapata baridi. Lakini alipomwona Makarius aliacha gunia, akainama kidogo, akapiga makofi ya taratibu kama tunavyosalimu wakubwa wetu.

"Mwakeye, wa jina."

"Sisi umri mmoja," Makarius akasema. "Unanisalimuje kama mzee?"

"Wewe ndiye uliyekula kuku wangu. Anayekula kwa niaba yangu ni mkubwa wangu."

Wakacheka, wakaagiza chai na chapati. Makarius akaeleza. Ngumi aliposikia habari ya jembe kwenye shamba la jirani aliacha kutafuna.

"Mama yangu alifariki mwaka wa nne sasa," akasema. "Hao wa kamati wamesahau, au wanaogopa kuniambia. Kiti chake kipo tu, hakina mtu. Mchukue mama yako akikalie. Nitawaambia mimi mwenyewe, na sidhani kama kuna mjumbe atakayenibishia."

Makarius alirudi na habari hiyo kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Hakulala Kibondo, alipitiliza mpaka Rusenga, akamkuta mama yake anachambua maharage kwenye ungo.

"Mama, kiti kimepatikana."

"Nikae kama mama wa nani?"

"Wa Makarius Ndihokubwayo."

"Yupi?"

Makarius akakohoa. "Ngumi. Mama yake hayupo, na yeye ametoa kwa moyo."

Esteri akapuliza makapi. "Mungu ambariki. Mimi sikuzaa ngumi."

"Mama, nani atajua? Barua inasema jina lilelile."

"Mwana wanje," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo ikawa mbaya zaidi, "nikikaa pale kwa ajili ya mtoto wa mwenzangu, nitakuwa nimewaambia watu wote kwamba wangu hatoshi kiti."

Mjomba mtu, aliyekuwepo, alitoa mpango wa akili nyingi sana: waende alfajiri kabla ya watu, Esteri akalie viti vyote vitatu kwa zamu, na akiulizwa asinzie. Mpango huo haukufuatwa.

Siku ikafika. Kanisa la Rusenga halikutosha, wakafunga maturubai nje, kwaya nne, spika kubwa mbili za kukodi, na ng'ombe wawili waliokwisha kujua habari yao tangu jana yake. Golikipa alikuja na miwani ya jua na suti ya rangi ya maziwa. Mbio alikuja na traksuti ya taifa, mwembamba kama ufito, akasalimia watu huku anarukaruka. Ngumi alikuja na shati jeupe lililokuwa linaomba msaada kwenye vifungo. Mbele, kwenye viti vyenye vitambaa, aliketi Jenoveva mama wa Golikipa, kilemba kirefu kuliko cha mtu yeyote, na Skolastika mama wa Mbio, mama mnyenyekevu aliyekaa kwenye ncha ya kiti kama kuku juu ya ukuta. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu.

Esteri alikaa nyuma kabisa kwenye mkeka, pamoja na wenye watoto wachanga. Alivaa kanga ya shamba, safi, lakini ya shamba. Makarius ndiye aliyemleta, nyuma ya kariya, kisha yeye mwenyewe hakukaa. Baiskeli ya mwenyekiti wa kwaya ilikuwa imetoboka njiani, na fundi akiona pancha ni kama ng'ombe akiona chumvi. Akazunguka nyuma ya kanisa, akapindua baiskeli magurudumu juu, akaanza kazi.

Baada ya misa na hotuba tano ikafika zamu ya katekista. Kamati ilikuwa imepanga asome daftari la ubatizo, pale majina ya mashuhuri yalipoandikwa, ili watu waone kwamba kweli walitoka hapa. Mzee Pasikali akapanda na daftari lililoliwa na mchwa pembeni, akavaa miwani yake ya waya, akaisogelea maiki mpaka ikapiga kelele.

"Ukurasa wa mwaka wa surua," akasema. "Namba mia mbili na kumi na saba. Makarius Ndihokubwayo. Baba, Nduwayezu. Mama, Esteri."

Watu wakapiga makofi kwa mazoea. Wa nyuma wakageuka kumtazama Esteri. Esteri akatazama mkeka.

"Namba mia mbili na kumi na nane," katekista akaendelea. "Kama juu."

Akafuta miwani.

"Jina, kama juu. Baba, kama juu. Mama, kama juu. Namba mia mbili na kumi na tisa. Kama juu. Kama juu. Kama juu. Na ishirini..." Akainua macho. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola. "Na ishirini vilevile."

Kicheko kilianzia kwa kwaya ya vijana, kikapita kwa wazee, kikafika kwenye meza ya padre, ambaye aliinamisha kichwa kama anayesali lakini mabega yalimfichua. Kwa maandishi ya kanisa, yenye muhuri, Esteri alikuwa amezaa golikipa, mkimbiaji, bondia na fundi baiskeli, wiki moja, kwa baba mmoja.

Jenoveva akasimama. Kilemba kikasimama naye.

"Katekista, naomba nieleweshwe. Mimi nilibeba mimba miezi tisa ya kama juu?"

"Mama, tulia."

"Nimetulia. Nauliza tu. Nilipokuwa nalia pale ndani na mkunga ananishika miguu, nilikuwa namzaa kama juu?"

"Wino ulikuwa unaisha," Pasikali akasema, na maiki ikayapeleka maneno hayo mpaka bondeni. "Watoto kumi na tisa kwa siku moja. Surua imeingia, tunazika asubuhi, tunabatiza mchana. Padre wa wakati ule amesimama na pikipiki inanguruma, anataka kuwahi Mabamba kabla ya mvua. Nikaona jina ni lilelile, nikaandika nilivyoweza. Nilisema nitarekebisha kesho."

"Kesho ipi?"

"Hiyo hiyo, mama. Bado haijafika."

Watu wakacheka tena. Golikipa alikuwa amevua miwani. Na katikati ya kicheko hicho akasimama Skolastika, ambaye watu wengi pale hawakuwahi kusikia sauti yake. Hakuchukua maiki. Watu wakanyamaza wenyewe.

"Jina ni lilelile kwa sababu tuliliomba," akasema.

"Liliombwa vipi?" padre akauliza.

"Mimi nilikuwa nimezika wawili, padre. Mmoja Novemba, mmoja wiki ya Noeli. Huyu wa tatu alikuwa na siku nne, hajapewa jina, naogopa hata kumpa. Tukasikia mtoto wa Esteri ameshikwa na surua, amefumba macho, wamekwisha kumfunika shuka, na baba yake amekwenda kuchimba. Halafu akapiga chafya. Akaomba ziwa. Ndipo wakamwita Ndihokubwayo, na katekista akamtafutia Makarius kwenye kalenda. Nikajisemea, jina hilo limekwisha kupita kule na kurudi, linajua njia. Nikachukua kikapu cha maharage, nikaenda kwa Esteri kuomba jina, kama mtu anavyoomba mbegu kwa aliyevuna. Akanipa. Alinipa na maharage yangu akanirudishia." Akamtazama mwanawe aliyevaa traksuti. "Huyu hapa anakimbia."

Mbio alikuwa ameacha kurukaruka.

Ngumi akasema, bila kusimama, "Mama yangu alinisimulia hivyo. Nilidhani ni maneno ya kunibembelezea."

Macho yote yakahamia kwa Jenoveva. Jenoveva alikuwa bado wima, kifua mbele, akakaza kilemba. Mwanamke yule ana kiburi, lakini kiburi chake ni cha aina ya kutokubali kupunjwa.

"Skolastika alipeleka maharage," akasema hatimaye. "Mimi nilipeleka kuku. Tetea, wa kutaga. Kama tunasema, tusemeni yote."

"Na kuku alirudishwa?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Hakurudishwa."

"Alikuwa kuku mzuri," Esteri akasema kutoka mkekani. Ndiyo maneno yake ya kwanza siku ile, na turubai zima liliangua kicheko, hata Jenoveva mwenyewe, ingawa yeye alicheka kwa upande mmoja tu wa mdomo.

Ngumi akainuka akaenda nyuma, watu wakipisha kama wanavyopisha trekta. Akachuchumaa mbele ya Esteri, akapiga yale makofi ya taratibu.

"Mama, njoo mbele."

"Nilikwisha kusema. Sikai kwa ajili ya mtoto wa mwenzangu, Mungu amrehemu."

"Hukai kwa ajili yangu. Sisi ndio tunaokaa kwa ajili ya wako."

Esteri akafikiri. Alifikiri muda mrefu, kwaya moja ikaanza kushika kinanda ikakatazwa. "Na yeye mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

Hakuna aliyejua. Padre akachukua maiki, akaita: "Makarius Ndihokubwayo, tunakuomba mbele." Golikipa akasimama. Mbio akasimama. "Siyo nyinyi," padre akasema, "kaeni." Akaita mara ya pili, akaita mara ya tatu. Nyuma ya kanisa Makarius alilisikia vizuri sana. Alikuwa ameshika tyubu ndani ya beseni, anatazama mapovu, na hakugeuza hata shingo. Maisha yake yote, jina hilo likiitwa kwenye kipaza sauti, lilikuwa la mtu mwingine.

Ikabidi Mbio atumwe kumtafuta, na kwa kuwa ni Mbio walikuwa wamerudi kabla watu hawajamaliza kugeuka. Makarius akaingia chini ya turubai na mikono imejaa solusheni, kiraka kimoja kimenata kwenye kidole, akamwona mama yake amesimama katikati ya njia, bondia upande huu, na Jenoveva, ndiyo, Jenoveva, amemshika kiwiko upande wa pili.

"Nimefanya nini?" akauliza.

"Ulipiga chafya," Esteri akasema. Kisha akatembea naye mpaka mbele, na kanga yake ya shamba, akakaa kwenye kiti cha tatu, akaegemea kabisa, mgongo wote, kama mtu anayekaa kwake.

Hapo hakukuwa na jicho kavu Rusenga nzima. Makofi yalipigwa mpaka ng'ambo ya Mabamba, Burundi wakadhani ni radi wakaingiza kahawa ndani. Ng'ombe wa sherehe walikata kamba wakaja kusikiliza. Na askofu, ambaye alikuwa ameshuka kwa helikopta kwenye shamba la mihogo mahususi kwa jambo hilo, akavua kofia yake ndefu, akaja moja kwa moja kwa Makarius, akamshika mikono yote miwili, na ile solusheni ilikuwa bado mbichi, basi ikashika, askofu na fundi wakagandana viganja kwa viganja, ikabidi waletwe wazee wanne wenye nguvu, akiwemo mjomba mtu, wawili wakavuta upande wa altare na wawili wakavuta upande wa—

"Mjomba," anasema Makarius, ambaye alikuja kuchukua pampu yake na kumbe muda wote huu amesimama nyuma anasoma, "askofu gani?"